Adabu ya Chuo Inafika Malkani?

Kila Januari, nafasi za shule zinapotafutwa, wazazi wa Garsen, kaunti ya Tana River, wanaofikiria shule ya Kiislamu hurudia swali lile lile: mtoto akisoma dini na masomo ya serikali mahali pamoja, mwisho wa yote atatoka na nini? Mfugaji aliyeuza ndama ili apate karo anataka kujua kama kijana ataajiriwa. Mama anayeuza maembe kando ya barabara ya Minjila anataka kujua kama binti yake atarudi likizo na heshima aliyoondoka nayo. Na jirani asiye na mtoto pale huuliza kwa sauti ya chini: wanafundishwa nini hasa huko ndani?

La ajira nitalimaliza upesi kwa sababu halina fumbo. Shule iliyosajiliwa hufuata mtaala wa taifa, watoto wake hufanya mitihani ile ile, na mwajiri akishika cheti cha KCSE haoni popote kama mwenyewe alihifadhi Qurani au la. La jirani nitalirudia mbele. Swali la mama ndilo lenye uzito, kwa kuwa maadili hayana mtihani wa taifa. Yana mtihani wa Tana River, na mtihani huo hufanywa mahali panapoitwa malka, mbali na darasa. Tutafika huko. Kwanza tupange majina.

## Chuo, duksi, madrasa, shule

Watu huyachanganya majina haya, kisha wakalaumiana kwa matarajio ambayo hawakuelewana tangu mwanzo. Kwa ufupi, mtoto wa Tana River anaweza kusomea dini katika:

- Chuo au duksi. Hapa ni Qurani tu. Waswahili wa Kipini na Lamu husema chuo. Waorma, Wardei na Wasomali husema duksi. Mwalimu ni mmoja, watoto ni wa rika zote, na darasa ni kivuli cha mti au kibanda cha makuti.
- Madrasa. Hapa kuna madarasa na masomo kadhaa: Qurani, fiqhi (sheria za ibada na maisha), sira (habari za maisha ya Mtume), Kiarabu, na akhlaki (tabia njema). Watoto huja alasiri au wikendi.
- Shule ya serikali yenye somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu. Vipindi vichache kwa wiki, na mtihani mwisho wa safari.
- Shule jumuishi ya Kiislamu. Ratiba moja yenye Qurani, hisabati, akhlaki na sayansi. Mara nyingi ina bweni, kwa sababu familia nyingi za wafugaji huhama.

Makala haya yanahusu aina ya mwisho. Neno ambalo walimu wake hulitumia sana ni tarbiya, yaani malezi ya mtoto mzima: mwili wake, akili yake na mwenendo wake kwa pamoja. Adabu ni tunda la malezi hayo, jinsi mtoto anavyokaa na Mungu wake, na watu, na vitu.

Serikali nayo ina lake. Mtaala wa umilisi, ule wazazi wanaouita CBC, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umetaja maadili 8: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Msomee maalimu wa duksi orodha hiyo, hatapinga hata moja. Atakuuliza tu mtoto atayapata vipi kwa kusomewa orodha. Ameuliza vizuri.

## Kwa nini wazazi walizihitaji shule hizi

Uislamu ulipanda bonde la Tana kutoka pwani pole pole. Waorma waliingia kwa wingi kati ya mwisho wa karne ya 19 na miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na Wapokomo wengi wa juu ya mto vilevile. Lamu haikuwa mbali, na pale Msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Swaleh aliyefariki mwaka 1935, ulikuwa umekwisha kuwa kitovu cha elimu kilichovuta wanafunzi kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Lakini upande wa chini wa mto, kule Ngao, waliotangulia na shule walikuwa wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani, waliofika miaka ya 1880. Kwa hiyo kwenye mto mmoja kitabu kilikuja kwa milango miwili. Mlango wa shule ulikuwa na kanisa pembeni yake, na mzazi Mwislamu aliona kuwa kumpeleka mtoto darasani ni kumpeleka kubatizwa. Siku hizi vijana huicheka hofu hiyo. Mimi siicheki, kwa sababu wakati ule shule nyingi kweli zilikuwa za misheni, na katekisimu ilikuwa sehemu ya masomo.

Matokeo yake ni kwamba Waislamu wengi wa pwani walibaki na chuo bila shule. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu, alilipigia kelele jambo hili kwenye magazeti yake, Sahifa la mwaka 1930 na Al-Islah la 1932. Alisema bila kumung'unya maneno kwamba Waislamu wasipojifunza elimu ya dunia watabaki nyuma, na wakiiacha dini wakati wanaikimbilia dunia watapotea. Baadaye, mwaka 1951, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa ikafungua milango kufundisha ufundi. Leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Kwa watoto wadogo, hatua iliyogeuza mambo ilikuja miaka ya 1980. Viongozi wa Kiislamu wa Mombasa walimwomba Aga Khan awasaidie, na kazi akakabidhiwa mwalimu mmoja, Bi Swafiya Said. Hakuanza na jengo. Alianza na wanawake wa mitaani waliomaliza shule, akawafundisha ualimu wa watoto wa umri wa chekechea, akatumia makombe, vifuniko vya chupa, mbegu na vibao kama vifaa vya kufundishia, na akaweka dua, hadithi za Mitume na hesabu kwenye asubuhi moja. Shule ya kwanza ya mpango huo ilifunguliwa Mombasa mwaka 1986. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1990 mpango ulikuwa umevuka hadi Zanzibar na Uganda. Shule jumuishi nyingi unazoziona pwani leo, hata zile ambazo hazikuwahi kupata msaada wake, zimeiga wazo lile la asubuhi moja.

## Siku moja, tangu alfajiri

Sasa tuingie ndani. Ukitaka kujua shule inafundisha maadili gani, usianze na kauli mbiu iliyopakwa rangi ukutani. Fuata maji.

Bwenini watoto huamka kabla ya adhana ya alfajiri, na kazi ya kwanza ni kutawadha. Garsen iko kando ya mto mrefu kuliko yote nchini, takriban kilomita 1,000 kutoka nyanda za juu hadi Kipini. Hata hivyo maji safi ni ya kuhesabu: tangi likikauka ni mitungi, na mto wenyewe una tope na mamba. Mtoto wa darasa la kwanza hupewa kopo moja. Mara ya kwanza hulimalizia kwenye mikono na uso, miguu ikabaki mikavu, akasimama analia huku wenzake wanaingia msikitini. Anayemfunza ni mkubwa wake wa bweni, si mwalimu: mimina kidogo, kinga kwa kiganja, rudia mara tatu, bakisha ya miguu. Hapo ndipo anasikia lile fundisho mashuhuri linalokataza kufuja maji wakati wa udhu hata ukiwa kwenye mto unaotiririka. Mtoto wa Nairobi analihifadhi kama hadithi. Mtoto wa Tana analiona dirishani.

Baada ya swala ni Qurani. Shule nyingi sasa hutumia misahafu iliyopigwa chapa, lakini loho, ubao wa kuandikia aya, haijafa bonde hili. Wino hutengenezwa kwa masizi yaliyokorogwa na gundi ya mti na maji. Kalamu ni kipande cha tete kilichochongwa ncha. Mtoto huandika aya zake kwa kumfuata maalimu, huzisoma hadi zikakaa kichwani, husikilizwa, na akifaulu huosha loho ili aandike nyingine. Yale maji ya kuoshea hayamwagwi njiani ambapo watu wanakanyaga. Yanapelekwa pembeni, kwenye shina la mti. Hakuna anayetoa hotuba juu ya jambo hili. Mtoto wa miaka 7 anatembea na ubao uliolowa, anapita katikati ya wenzake wanaocheza, anafika mtini, anamwaga, anarudi. Anafanya hivyo mara nyingi mno kabla ya kutimiza miaka 10, na heshima kwa neno inakuwa tabia ya mikono yake.

Saa mbili ni masomo ya mtaala: Kiingereza, hisabati, sayansi. Sehemu hii inafanana na shule nyingine yoyote ya Kenya, pamoja na uhaba wa madawati, kwa hiyo naipita.

Adhuhuri ni chakula, na hapa mambo huanza kunoga. Shule nyingi za maeneo makavu hutegemea mahindi na maharagwe, na siku njema kuna wali. Kwenye baadhi ya shule watoto hula kwenye sinia, watano au sita pamoja, kila mmoja akila kilicho mbele yake. Siku ya samaki ndiyo siku ya mtihani. Mtoto wa Kipokomo amekulia kwenye kambare. Nyumba nyingi za wafugaji hazina mazoea ya samaki kabisa. Mmoja anaziba pua. Mwenziwe naye analipiza kwa kumwita mnywa maziwa mabichi. Wote wana miaka 9, lakini maneno hayo wameyatoa nyumbani, na nyumbani yalitoka mbali.

Mwalimu mvivu huwatenganisha wasikae sinia moja. Mwalimu mwenye tarbiya huwaacha papo hapo, akakaa nao chini, akala nao. Asiyetaka samaki halazimishwi. Anakula wali wake. Anachokatazwa ni kukidharau chakula cha mwenziwe, na hilo nalo ni fundisho la Mtume ambalo kila mtoto wa madrasa amelisikia: ukikipenda chakula kula, usipokipenda kiache, usikitie ila. Nimetaja sinia kwa kirefu kwa sababu sijaona kipindi cha akhlaki kinachofanya kazi ambayo sinia hufanya kwa nusu saa.

Alasiri kuna amana. Pesa za mtoto wa bweni huwekwa kwa mlezi, zikaandikwa daftarini, na hutolewa kidogo kidogo. Shilingi iliyookotwa uwanjani hupelekwa kwa mwalimu wa zamu na kutangazwa. Shule ambayo daftari la amana liko wazi, mtoto akaruhusiwa kusoma mstari wake mwenyewe, imefundisha uadilifu bila kulitamka neno. Shule ambayo pesa za watoto "hukopwa" na watu wazima hadi mwisho wa mwezi nayo imefundisha, na watoto wamesikia vizuri sana.

Kuna jambo moja ambalo wageni hawaliangalii na watoto wanaliangalia kila siku: maalimu wa Qurani anakaa wapi. Mwalimu wa hisabati aliyeajiriwa na TSC, tume ya walimu ya serikali, ana mshahara wa serikali na meza kwenye chumba cha walimu. Maalimu hulipwa kwa michango ya wazazi, kidogo, na mara nyingine kwa kuchelewa. Kama hana kiti, hana sauti kwenye mkutano wa walimu, na huitwa tu wakati wa dua, basi shule imewaambia watoto daraja ya dini ni ipi, hata jina lake kwenye lango liwe na Kiarabu kiasi gani.

Mpaka hapa kwa ufupi: adabu katika shule hizi hujengwa na mazoea ya kila siku (kopo la maji, loho, sinia, daftari la amana) kuliko na somo la adabu. Watu wazima wanavyotendeana mbele ya watoto ni sehemu ya mazoea hayo.

## Mtihani wa malka

Malka ni njia ya mifugo kuteremka mtoni kunywa maji. Kingo za Tana zimejaa mashamba ya Wapokomo: migomba, miembe, mahindi, mpunga unaofuata maji ya mafuriko. Wafugaji, Waorma na Wardei, hukaa nyuma, kwenye nyika, na ukame ukishika hawana pengine pa kwenda isipokuwa mtoni. Malka ndiyo inayowawezesha wote kuishi: ng'ombe wanapita pale palipokubaliwa, mashamba yanabaki salama. Wazee wa Kipokomo, baraza lao likiitwa gasa, na wazee wa Kiorma, wao wakiita lao matadeda, ndio walinzi wa makubaliano hayo tangu zamani.

Malka ikilimwa, au ikizibwa na mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa na sasa umekuwa jangwa lenyewe, ng'ombe hupita shambani. Shamba likilika, mtu huchukua panga. Ndivyo ilivyoanza 2001, na ndivyo ilivyoanza tena 2012. Tarehe 22 Agosti mwaka huo kijiji cha Riketa kilivamiwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Visasi vikafuata Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao. Kufikia mwanzo wa 2013 waliokufa walikuwa wamezidi 100, na familia kwa maelfu zilikuwa zimehama na watoto wao wameacha shule.

Ule haukuwa ugomvi wa dini. Pande zote mbili zilikuwa na Waislamu, watu waliokwisha kusoma duksi na vyuo, wenye juzuu nzima kichwani. Ndiyo maana nasema malka ndiyo chumba cha mtihani. Mtu anaweza kusoma kwa tajwidi nzuri, yaani kwa kuitamka kila herufi kwa haki yake, na bado akakimbilia panga.

Wakati huo huo, ndani ya Qurani ile ile mna sura ambayo utadhani ilishushwa kwa ajili ya delta ya Tana. Ni Al-Hujurat, sura ya 49, yenye aya 18 tu. Mtoto anayehifadhi kwa kawaida yetu, kuanzia juzuu ya 30 akirudi nyuma, huifikia kwenye juzuu yake ya tano. Inaagiza habari inayoletwa na mtu asiyeaminika ichunguzwe kabla watu hawajawadhuru wengine kwa kutojua. Inaagiza makundi mawili ya waumini yakipigana yasuluhishwe kwa uadilifu. Inakataza watu kudharau watu, kuitana majina mabaya, kudhaniana, kupelelezana na kusengenyana. Kisha inawaambia wanadamu wote kwamba walifanywa mataifa na makabila ili wajuane.

Katika shule nyingi, sura hii husomwa, husikilizwa, hukosolewa matamshi, na mtoto huhamia sura inayofuata. Hapo ndipo tarbiya hukwama. Mwalimu anayejua kazi yake husimama wiki nzima. Huwapa watoto kisa: usiku umepigiwa simu, umeambiwa ng'ombe wa ami yako wamekatwa mapanga shambani kwa fulani. Aliyepiga hajaona, ameambiwa. Utafanya nini kwanza? Watoto wanabishana. Wengine wanataka kwenda mara moja na fimbo. Mmoja anasema apigiwe chifu. Mwingine anauliza, kwa akili ya kitoto iliyo bora kuliko ya wakubwa wengi, kama ng'ombe wenyewe wamehesabiwa. Kisha mwalimu anawarudisha kwenye aya waliyoihifadhi na kuwaachia waione wenyewe. Siku nyingine anamwalika mzee wa gasa na mzee wa matadeda waeleze malka fulani ilikubaliwaje, ina upana gani, na mipaka yake ni miti ipi.

Somo la namna hiyo halihitaji pesa. Linahitaji mwalimu asiyeogopa kulitaja jina la kijiji.

## Ambaye hayupo kwenye sinia

Nimezisifu shule hizi, na sifa ni ya haki: kwenye bweni moja utamkuta Morma, Mpokomo, Mwardei, Mmunyoyaya, Mbajuni na Msomali, wanakoromeana usiku na kuazimana sabuni asubuhi. Kwa kaunti iliyopita ilipopita, hilo si jambo dogo. Pia zimewafungulia mlango mabinti ambao baba zao wasingekubali wakae bweni lingine lolote. Mzazi akishaamini kwamba swala na stara zitalindwa, hoja yake ya kumwoza mapema inapungua nguvu.

Lakini mtoto Mkristo wa Ngao hayupo. Naye ndiye atakayekuwa na shamba kando ya malka miaka 20 ijayo. Shule inayowaunganisha watoto kwa dini inamwacha nje yule asiye wa dini hiyo, bila hata kukusudia, na kijana anaweza kumaliza masomo yake yote akiwa mpole kwa kila anayemjua na mgumu kwa asiyemjua. Tusisahau kwamba aya ile ya makabila na mataifa inawaita wanadamu, haiwaiti waumini pekee.

Walimu wengine wamelitambua hili, wengine hawataki kulisikia. Dawa zake ni za kawaida mno hata zinadharauliwa: mechi za mpira, mdahalo, tamasha la muziki, upandaji wa mikoko Kipini pamoja na shule za jirani. Hata wimbo wa taifa ungeweza kusaidia. Kila asubuhi ya gwaride watoto wa Kenya nzima huimba kwa lahani iliyotokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, na sijui kwa nini shule za Tana River, za dini zote, hazilitangazi jambo hilo kwa mbwembwe. Mtoto wa Kiorma akijua kwamba taifa zima linaimba sauti ya mama wa Kipokomo, atakuwa na la kuwaambia wenziwe watakapolidharau kabila hilo.

## Bakora, na hofu ya jirani

Zamani mzazi alimkabidhi mtoto kwa mwalimu wa chuo akisema: nyama yako, mifupa yangu. Mwalimu aliichukua ruhusa hiyo kwa uzito. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imepiga marufuku adhabu ya viboko, na haikuibagua madrasa iliyo ndani ya shule. Wapo wanaosema bila bakora hakuna adabu. Mtoto anayekaa sawa kwa kuogopa bakora hukaa sawa hadi bakora itoke chumbani, na malkani haipo.

Sasa turudi kwa jirani, anayehofia itikadi kali. Anauliza kwa sauti ya chini kwa sababu anakumbuka kituo cha polisi cha Gamba kilichoshambuliwa Julai 2014, na Chuo Kikuu cha Garissa, ng'ambo ya mto, ambako watu 148 waliuawa tarehe 2 Aprili 2015. Kumkasirikia hakusaidii. Ni kweli pia kwamba Waislamu wa eneo hili wameumizwa na mashambulizi hayo na shutuma zilizofuata. Jibu bora ni mlango ulio wazi: shule isajiliwe, walimu wake wajulikane, vitabu vyake vionekane, na siku ya wazazi iwe na viti vya majirani. Shule isiyotaka mgeni aketi nyuma ya darasa la sira inajitafutia maneno.

## Ukienda kutembelea shule

Usiende siku ya sherehe. Nenda Jumatano ya kawaida, na uangalie haya:

- Tangi la maji na foleni yake. Nani anatawadha mwisho, na je, anabakishiwa?
- Chumba cha walimu. Maalimu wa Qurani ana kiti?
- Daftari la amana. Omba uone ukurasa mmoja, majina yakiwa yamefunikwa.
- Mwombe mtoto wa madarasa ya juu akusomee aya chache za Al-Hujurat, kisha umwombe akueleze zinamtaka afanye nini ng'ombe wakiingia shambani. Akinyamaza usimlaumu, muulize mwalimu wake.
- Muulize mpishi, si mwalimu mkuu, watoto hugombania nini wakati wa chakula, na nani huwaamua.
- Shule ilifanya nini wakati wa mafuriko ya Novemba 2023, na tena mwaka 2024 muhula wa pili ulipocheleweshwa nchi nzima. Ilifunga lango, au ilipokea watu? Na kama ilipokea, ilipokea wa vijiji gani?
- Mechi ya mwisho ya kandanda ilichezwa na shule gani. Wakikutajia shule za Kiislamu peke yake, uliza Ngao iko kilomita ngapi kutoka hapo, na ni nani aliyekataa kucheza na mwenziwe.